Msasa wa Daraja la Kwanza

Mume wangu Stanislas alipewa kazi ya kupaka rangi behewa dogo la mbao, mfano wa behewa la daraja la kwanza, liende kuonyeshwa Ubelgiji. Viti vyake vilikuwa vidogo kama viberiti. Alivipaka kahawia, akaifuta brashi mpaka ikakaribia kukauka, akaipitisha kingoni na rangi ya udongo, kisha masizi kidogo pale migongo inapoegemea. Ungeapa ni ngozi iliyokaliwa na wazungu miaka na miaka.

Mkubwa mmoja wa Ubelgiji akaona picha, akaisifu ngozi ile, akasema anakuja Élisabethville, mji wetu wa Kongo, kulinganisha mfano na behewa lenyewe. Homa ikampanda mesié Lambrecht, mkuu wa karakana ya reli. Kwa heshima ya mgeni huyohuyo, aliyetarajiwa tangu zamani, alikuwa ameshavalisha behewa lenyewe ngozi mpya inayong'aa. Mtu mwenye akili timamu angepaka upya lile dogo. Yeye aliamuru lile kubwa lizeeshwe: watu wakalie viti, kwenda Sakania na kurudi, mpaka ngozi ichoke.

Wazungu hawakutosha. Weusi walikatazwa daraja la kwanza, lakini mesié akapata dawa: hao si abiria, ni msasa, papier de verre. Alilisema hilo bila kucheka.

Mama yangu, Mama Mujinga, alikuwa Sakania na nyonga mbovu, na daktari alikuwa huku mjini. Benchi la mbao la daraja letu lilikuwa limemshinda. Nikamwambia Stanislas, aliyepewa kazi ya kuwapanga watu vitini, amtie mama kwenye msasa. Akainamisha kichwa. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, humpisha njia akimwona kwa mbali, sembuse kumchagulia pa kukalia. Nilimnunia mpaka akamchagulia.

Kondakta alipomdai tiketi, mama alimjibu, "Miye hapana abiria. Miye niko papier de verre." Akaachwa akae. Alilala njia nzima, ameegemea kushoto kuiokoa nyonga. Daktari akamtibu, akamwonya asikalie tena mbao.

Siku moja kabla mgeni hajafika, mesié akakagua. Viti vyote vililingana na mfano isipokuwa cha mama: kilibonyea upande wa kushoto, na mkono wa kiti uling'aa kwa mafuta aliyojipaka. Muda wa kubadili ngozi haukuwapo. Stanislas akaambiwa akae mbele ya kiti kile, akitazame vizuri, akinakili kwenye mfano.

"Mesié, nitapaka hata gare, stesheni yote," alisema mume wangu. "Ila pale mama mukwe aliikala, siwezi kuangalia."

Mesié akamwambia basi aiangalie njia ya kwao, kazi imekwisha. Ndipo nilipojitokeza mlangoni, nilikuwa nimemletea mume wangu chakula. Nilisema nitapaka mimi, ila mama arudi Sakania kwenye kiti kilekile. Mesié akaapa kwa Bikira Maria.

Nilikuwa sijawahi kushika brashi. Stanislas alisimama akiutazama ukuta, akiniongoza: futa kwanza, gusa tu, usikandamize. Aliuliza shimo likoje. Nilipoanza kumweleza akaziba masikio, kwa hiyo mengine nilijiamulia.

Mgeni alikuja, akainama na miwani yake, akasema viti vyote ni vizuri lakini hiki ndicho kinachoishi. Mesié akanipa mkono.

Siku ya safari nilimpeleka mama stesheni. Kwenye kiti chake ilikuwa imefungwa kamba nyekundu. Mesié alieleza kwa upole kwamba sasa kiti kinalingana na mfano barabara, na yeyote atakayekikalia atakiharibu. Nilimkumbusha kiapo. Akasema msasa hautumiki tena kazi ikiisha.

Nikamshika mama mkono, nikampeleka daraja letu. Mama alitandika kitenge chake kwenye benchi la mbao, akajishusha polepole, akiuma midomo.

"Na kile kidogo ulipaka, iko wapi?"

Nikamwambia kinaenda Bulaya, kwa wazungu, ndani ya sanduku la kioo.

"Bon," alisema. "Kule, banipe basi na miye nafasi, ata kidogo vile."