Pumzi ya Mkata Mahameli

Kwenye karakana ya mapazia walimwita Mama Mkasi, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Meza ndefu ya kukatia ilikuwa yake. Wengine walishona, walipiga pasi, walitia pindo, yeye alikata. Cherehani ikikosea, uzi unafumuliwa. Mkasi ukikosea, basi tena.

Tangu amzike mumewe, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Si muda wote. Akiwa jikoni peke yake alimenya vitunguu vizuri tu. Lakini mtu akisimama kando ya meza na kumtazama, vidole vilicheza kama vya mwenye homa. Kwa hiyo alijihimu kazini kabla ya watu, akakata peke yake, na wenzake walipoingia wakamsifu kwa bidii. Aliyejua alikuwa mmoja tu, mshonaji waliyemtania kwa jina la Kimya kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Kimya alizikuta kingo zilizopinda, akazinyoosha polepole kwenye cherehani yake, na jambo hilo, peke yake kati ya yote aliyoyajua duniani, hakumwambia mtu.

Siri ilibanwa siku bosi alipotangaza kazi ya mapazia ya ukumbi. Kitambaa kilikuwa mahameli nzito, jora la mwisho dukani, halina ndugu. Bosi alisema siku ya kulikata atasimama hapo hapo mezani. Hakusema kwa ubaya, ila wote waliikumbuka habari ya mkataji aliyetangulia: aliharibu jora mbele ya macho ya bosi, akaishia kushona pete za mapazia kwenye kona isiyo na dirisha.

Mama Mkasi alirudi nyumbani roho mkononi. Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu. Huyu alikuwa amepelekwa zahanati na presha, na huko muuguzi wa mazoezi akamfundisha chigong, mazoezi ya taratibu yaliyotoka Uchina: unasimama, unalegeza magoti, unainua mikono kama inayoelea majini, unaishusha, huku pumzi ikiingia na kutoka bila kusukumwa. Kila asubuhi alisimama uani kati ya kamba za nguo, na kila asubuhi Mama Mkasi alimpitia na ndoo yake na neno la utani.

"Wifi, hao kuku unawafukuza au unawabembeleza?"

"Naibembeleza roho yangu isije ikafanana na yako."

Safari hii hakutania. Aliweka ndoo chini, akaomba afundishwe.

Kesho yake wifi alipotoka uani alimkuta ameshajipanga. Ukutani amechora mistari kwa chaki, hapa mikono ianzie, hapa ikomee. Sakafuni amechora nyayo. Shingoni futi ya kupimia inaning'inia. Wifi alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

"Mama wewe, huu ni mwili, siyo pazia la mteja."

Mama Mkasi aliendelea kuinua mikono, imenyooka kama rula, macho kwenye mistari. Wifi akaacha kucheka. Alisimama, akamsogelea, akamwekea kiganja mgongoni.

"Hebu inua tena. Mbona hupumui?"

"Nitapumua nikifika juu. Mkasi ukiwa ndani ya kitambaa unabana pumzi mpaka utoke. Ndivyo tulivyofunzwa, mstari usiyumbe."

Wifi hakuondoa kiganja. "Tangu kaka yangu aondoke," alisema, "huo mkasi hujautoa."

Mama Mkasi alitaka kujibu, lakini kilichotoka ni pumzi, ndefu, yenye machozi ndani yake. Wifi hakumwambia nyamaza wala jikaze. Alikaa naye mpaka ikaisha, kisha akachukua tambara bichi akaifuta ile mistari ya chaki ukutani, mmoja mmoja, kama anayemfuta mtoto uso.

Wakaanza upya bila mistari. Kila asubuhi walisimama wawili kati ya nguo zinazochuruzika maji, wakainua, wakashusha. Mikono haikupona. Lakini usingizi ulirudi, na chai ikawa na ladha ya chai. Mama Mkasi akaacha kwenda kazini kabla ya kucha. Akawa anaingia karakana pamoja na wenzake, akimsikiliza Kimya njia nzima, na mtu akisogelea meza yake alingoja apite ndipo akate.

Siku ya mahameli ikafika. Jora lilitandazwa, zito na jeusi kama kahawa. Bosi akasimama kwenye kichwa cha meza, mikono nyuma. Cherehani zote zikanyamaza. Mama Mkasi akashika mkasi, na vidole vikaanza.

Zamani angebana pumzi na kujitosa. Sasa aliuweka mkasi mezani, akalegeza magoti, mabega yakashuka. Akavuta pumzi, akaitoa, mbele ya watu wote, bila kujificha. Kisha akaona kwamba neno alilolikimbia muda wote ule halikuwa kubwa kiasi hicho.

"Bosi, mikono yangu inatetemeka nikitazamwa. Ilianza nilipofiwa, nami nimekuficha. Kukata naweza, ila polepole, na Kimya anishikie kitambaa. Ukiona haifai, mpe mwingine mkasi."

Kimya alikuwa ameshasimama, viganja viwili juu ya mahameli, mdomo umefungwa.

Bosi alimtazama Mama Mkasi, kisha jora, kisha tena Mama Mkasi. Akatembea hadi dirishani, akawapa mgongo, akatazama barabara.

Mkasi ukaingia. Akakata kwa kadiri ya pumzi, ikiisha anasubiri nyingine, haibani wala haiharakishi. Vidole vilitikisika kidogo mwanzoni. Kitambaa kilichoshikwa vema hakikujali.

"Nigeuke?" bosi aliuliza.

"Bado."

Akabaki pale kama mtoto aliyeadhibiwa. Wapiga pasi wakaangaliana, wakameza vicheko. Mkasi ukafika ukingoni, kipande kikateleza mezani.

"Sasa geuka."

Bosi alikuja, akapitisha kidole kwenye ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaliviringisha jora lililosalia, akaliweka sawa kwa kipande cha pili, na bila kuambiwa akarudi dirishani.