Madirisha ya Mama

Ile nyumba ilishindikana kubomolewa, na ilishindikana kutengenezwa. Serikali iliibandika kibao cha chuma ukutani kutangaza kwamba ni jengo la urithi, kisha ikaenda zake, kama mtu anayekuachia mtoto umlelee bila kukuachia hata unga wa uji. Paa linavuja? Ni paa la urithi hilo. Ngazi inalia? Iache ilie, ni ya urithi. Ofisa aliyekuwa akija kukagua alipachikwa jina la Bwana Usiguse, na mwenyewe alilijua akalizoea.

Binti mkubwa wa nyumba alichoka hata kabla kazi haijaanza. Mdogo wake wa kiume, anayeishi kwenye jengo lenye lifti upande wa pili wa mji, alishasema lake: "Dada, tulifunge hili gofu, mama aje kwangu." Lakini mama naye alishasema lake. "Mimi humu nitatoka nimebebwa." Binti akamwahidi mama kwamba hatatolewa humo, yeye binti atafanya kila ajualo. Ahadi ni deni, na deni hilo lilimkaa shingoni.

Alichokijua ni kupangisha. Vyumba vikubwa vikagawanywa kwa kuta za mbao, jiko likawa la wote na choo hali kadhalika, ili kodi iezeke paa. Bwana Usiguse alikubali kwa sharti moja: kuta mpya zisiguse dari, maana lile dari lilikuwa na maua ya plasta ya mafundi wa zamani. Basi kila ukuta ukaishia hewani. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, anaambiwa pole kutoka chumba cha nyuma.

Wapangaji wakaja: muuguzi wa zamu za usiku, kinyozi, mwalimu wa udereva na wengineo. Binti akawa anatembea na mzigo wa funguo za akiba kiunoni, wakamwita Mama Funguo. Mama yake wakamwita Bibi.

Sasa huyo Bibi. Tangu alipoolewa akaletwa nyumba ile, jua likianza kushuka alizunguka chumba hadi chumba akifunga madirisha. Yalikuwa marefu, ya mbao, na makomeo yake yalitaka kubembelezwa. Yakiachwa wazi mvua inaingia, sakafu inavimba, milango inakataa kufunga. Wapangaji walidhani bibi wa watu amechanganyikiwa, lakini hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alijua fika kwamba mna watu. Ila hakuona kama watu ni sababu ya kuacha dirisha wazi.

Kinyozi alitoka kuoga na taulo kiunoni, akamkuta katikati ya chumba.

"Endelea tu, baba," Bibi akamwambia. "Mimi sikutazami wewe, natazama komeo."

Muuguzi ndiye aliyepatikana zaidi. Alikuwa amelala kabla ya zamu, akafumbua macho, akaona mtu ameinama juu ya kichwa chake. Kelele aliyoipiga ilipita juu ya kuta zote, na jikoni mwalimu wa udereva akajimwagia chai.

Siku ya pili yake muuguzi akamfuata Mama Funguo kwenye karo la jiko. "Nampenda Bibi, Mungu anajua. Lakini mimi usingizi wangu ni wa kuokoteza. Hali ikiwa hii, nahama. Na si mimi peke yangu."

Mama Funguo alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Nusu ya paa ilikuwa bado imefunikwa turubai. Wapangaji wakiondoka, kodi imeondoka, na mama yake ataondoka nyuma yao. Simu ya mdogo wake ilikuwa hata haichelewi: "Dada, sauti yako tu inasema umechoka. Nije nimchukue?"

Akapanda kwa mama.

"Mama, ukifika mlango wa mtu, piga hodi."

"Hodi? Kwangu?"

"Ni kwako, ila wamepanga."

"Wewe nilikuzaa pale anapolala kinyozi. Leo nimpigie hodi?"

"Mama, nakuomba. Wakihama hawa, na wewe utahama."

Bibi alimtazama bintiye, akaiona mikono iliyochubuka kwa sabuni na macho yaliyoingia ndani. "Haya," alisema. "Hodi si mzigo."

Tangu hapo ikawa hivyo. Jua likishuka Bibi hupita ukumbini, husimama mlangoni, hupiga hodi, hungoja mpaka aambiwe karibu. Akishaingia husema, "Samahani, mwanangu. Nimekuja kufunga dirisha tu, sitakaa sana." Wapangaji wakampenda mno. Kinyozi alikuwa akimvutia kiti. Muuguzi akayafuta maneno yake ya kuhama. Kodi ikaingia, turubai likatoka, bati likakaa, na Bwana Usiguse alikuja akatazama juu akakosa cha kukataza. Mama Funguo alimpigia simu mdogo wake akamwambia kwa majivuno kidogo, "Mama hatoki."

Jioni moja wingu lilikuwa limefunga. Mama Funguo alikuwa chumbani kwa mama yake, mwisho wa ukumbi, akitandika shuka safi. Mgongo ukamkatalia, akakaa kitandani. Juu ya kuta akawa anasikia hodi za mama zikija, mlango kwa mlango, na karibu zikijibu. Zikafika. Mlango ulikuwa wazi, lakini mama alisimama kizingitini akavua ndara.

"Hodi."

Mama Funguo akacheka. "Mama, ni mimi. Ingia."

"Hodi," mama akarudia.

Alimtafutia mzaha usoni, hakuuona. "Karibu, mama," akasema.

Mama akaingia amejikunyata, kama aingiavyo mtu asiyetaka kusumbua. "Samahani, mwanangu. Nimekuja kufunga dirisha tu, sitakaa sana." Akalivuta, akalibembeleza komeo, akashukuru. Kisha akatoka, akavaa ndara zake, akaenda kuketi ngazini, mahali ambapo hapakuwa na mlango.

Mvua ikaanza, na bati jipya halikupitisha hata tone.

"Mama!" Mama Funguo aliita, naye anajua nyumba nzima inasikia. "Mama, hiki ni chumba chako!"



"Najua, mwanangu," mama akajibu kutoka ngazini. "Nimeshazoea. Wewe pumzika, umechoka."