Ndoo ya Tatu

Mwaka 2014, baada ya kuvuna maharage, Loyce alikuja kwangu Kitanga na ndoo tatu. Ni binti wa jirani yangu Anatoli, wakati huo kidato cha tatu. Alifuatana na Mwalimu Omary wa sayansi, mtu wa Korogwe.

"Baba Isack, kwa nini mnaweka majivu kwenye maharage?" Loyce aliniuliza.

"Yasibunguliwe."

"Majivu ya nini?"

Nimechanganya majivu tangu utoto, kama mama alivyonionyesha. "Majivu ni majivu," nilimjibu.

"Hilo ndilo tunalotaka kujua," alisema mwalimu.

Walijaza ndoo zote maharage yangu, zikabaki kwangu. Ya kwanza waliweka majivu ya kuni, ya pili ya maganda ya ndizi. Ya tatu hawakuweka kitu. Kila Jumamosi Loyce alichota punje mia katika kila ndoo, akahesabu zenye matundu, akazirudisha. Baada ya wiki kumi na mbili angepeleka majibu kwenye maonyesho Kasulu mjini. Shule ilipewa nafasi moja tu, akapewa yeye.

Niliacha shule darasa la tano, lakini Jumamosi nikawa sitoki nyumbani. Wiki ya kumi na moja, ndoo ya kuni ilikuwa na tisa, ya ndizi nne, ya tatu thelathini na nane.

"Kwa nini ndizi inashinda?" niliuliza.

"Sijui," alisema mwalimu. Nikampenda kwa hilo.

Jumamosi ya mwisho Loyce alihesabu ndoo ya tatu. Mbili. Akachota upya. Moja.

"Wadudu wamehama?" nilisema.

Mke wangu Philomena alitoka jikoni na chai. "Mnaonaje? Jana nimeyachambua ya ndoo hiyo yote."

"Umeyachambua?" Loyce alishtuka. "Mama, mabovu yako wapi?"

"Kuku wamekula. Wageni waje wakute kwangu maharage yametobokatoboka? Waseme mke wa Baba Isack ni mchafu?"

"Ile ilikuwa ya kuachwa ibunguliwe!"

"Nani anafuga wadudu makusudi?"

Loyce alikaa chini, machozi yakamtoka. Maonyesho yalikuwa Jumanne.

Mwalimu alikohoa. "Tungeweza kuandika arobaini. Ndiko ilikokuwa inaelekea."

"Huo si uongo, mwalimu?" nilimwuliza.

Loyce alifuta uso, akachukua kalamu. "Mama, ulitoa kiasi gani?"

"Bakuli hili, mpaka juu."

Akaandika: *Wiki ya 12, mwenye nyumba alichambua ndoo ya 3, akatoa bakuli moja la mabovu. Haikuhesabiwa.*

Kasulu hakushinda. Jumamosi iliyofuata alirudi, nikadhani amekuja kuchukua ndoo zake. Kumbe ameleta ya nne.

"Jaji alisimama kwenye ule mstari wa bakuli muda mrefu," alisema. "Akauliza, mtu akichambua kila wiki, majivu yanahitajika? Sikuwa na jibu." Akamgeukia Philomena. "Mama, hii ni yako, haina majivu. Uchambue kila Ijumaa. Lakini mabovu unihesabie kabla ya kuku."

Philomena aliinua mfuniko, akachungulia. "Na ile ya tatu?"

"Hiyo usiiguse."

"Basi muifiche uvunguni," alisema. "Wageni wasiione."