Neno Lililomuuma Isabela

Kwa miaka kumi na mmoja Isabela alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ushirika mjini Masasi, na barua za Kiingereza alizipiga nyingi mno. Vidole vyake vilikijua Kiingereza. Yeye mwenyewe hakukijua. Kisha wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua korosho, ushirika ukayumba, watu wakapunguzwa kazi. Isabela alikuwemo katika kundi la kwanza.

Bosi wake, Baba Mohamedi, naye alipunguzwa wiki ileile. Kabla ya kurudi kwao Chilangala alimwandikia Isabela barua ya Kiingereza ya kumsifia kazi. Aliiandika kwa mkono, akisema si vizuri mtu kujipigia chapa sifa zake mwenyewe. Isabela akaihifadhi ndani ya Biblia, akaanza kukaanga vitumbua Mkomaindo, jirani na hospitali.

Mwaka wa pili wa vitumbua, mradi mmoja wa maji ukafungua ofisi mjini na kutangaza nafasi ya mpiga chapa anayeelewa Kiingereza. Isabela alivua kanga ya moshi, akaenda kwa Mwalimu Gerson, mstaafu aliyefundishwa na wamisionari ujanani mwake hata akakijua Kilatini.

"Mama Loveness," alimwambia Isabela siku ya kwanza, akimwita kwa jina la mwanawe, "usikariri maneno kama kasuku. Yapasue. Ukisikia mtoto, kitoto, utoto, unahangaika?"

"Sihangaiki, Mwalimu. Shina ni lilelile, vichwa tu ndivyo vinavyobadilika."

"Basi Kiingereza nacho kiliazima vichwa kwa Kilatini. Trans ni kuvuka. Ex ni nje. Re ni kurudi, au tena. Sasa chukua port, yaani kubeba. Transport, kubeba na kuvusha. Export, kubeba kupeleka nje. Report je?"

Isabela alifikiri, mara akapiga kofi paja lake. "Kubeba habari na kuzirudisha! Na zile ripoti nilizopiga miaka yote ile!"

Tangu hapo hakulala na njaa ya maneno. Alikoroga unga wa mchele huku midomo ikicheza: sub, chini, pre, kabla, inter, kati. Maneno aliyoyapiga chapa zamani yakawa yanamrudia moja moja, kila moja na maana yake mkononi, kama wageni waliochelewa.

Wiki ya tatu wakafika kwenye in. "Hiyo ni si," alisema Mwalimu. "Correct, sahihi, incorrect, si sahihi."

Jioni ile Isabela alitoa barua ya Baba Mohamedi aiambatanishe na maombi yake. Safari hii akataka kuisoma mwenyewe. Alikwenda polepole, kwa furaha, mpaka alipofika hapa: *Her services to this office have been invaluable.*

Value alilijua: thamani. Na in ni si. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu lilitoka jibu moja. Huduma yake haikuwa na thamani.

Mtu ambaye yeye Isabela alimchemshia chai miaka kumi na mmoja! Mtu ambaye Isabela alikwenda hadi Newala kuomboleza msiba wa mama yake! Alipeleka maombi bila barua. Kwa haya, hakumweleza Mwalimu jambo hilo. Lakini siku nne vitumbua vikawa vinamuungulia kikaangoni, na siku ya tano akapanda gari la Newala, akateremka njia ya Chilangala, akatembea.

Alimkuta Baba Mohamedi anatoka kupulizia mikorosho, nguo zimejaa unga wa njano wa salfa.

"Shikamoo, Baba Mohamedi."

"Marahaba! Isabela! Mama Mohamedi, njoo uone mgeni!"

Mkewe akaleta maji ya kunywa, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, na huko kwenye uwanda mkavu wa juu kila mtu anajua maji yanatoka mbali kiasi gani. Isabela aliyanywa kwa shida. Kisha akatoa barua.

"Baba, nilikukosea nini? Kama kazi yangu haikuwa na thamani, si ungenyamaza tu?"

Mzee alisoma, akasoma tena. Hakucheka. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kamusi iliyopoteza jalada.

"Neno hili nililitafuta siku mbili," alisema. "Good lilikuwa dogo. Very good nalo dogo. Nani kakwambia ni ubaya?"

"In ni si."

"Kweli, ni si. Lakini si nini? Value ni thamani, na pia ni kukadiria thamani. Able ni kuweza. Panga sasa, wewe ndiye unayejua kupanga."

Isabela aliweka kidole juu ya neno. "Si... kukadiria... kuweza." Akaviunganisha. "Isiyokadirika."

"Ndiyo hiyo. Hata Kiswahili chetu kinasema hivyohivyo. Kitu kisichokadirika si kitu kibovu, mwanangu. Ni kitu kilichotushinda kupima."

Isabela alificha uso kwenye kanga. Mama Mohamedi alimshika bega, akamwacha alie mpaka amalize, ndipo akampakulia ugali wa muhogo na kisamvu.

Siku ya usaili aliipeleka barua mkononi. Mzungu wa mradi alimuuliza kama anaelewa kilichoandikwa, naye akalipasua lile neno mbele yake vipande vitatu. Alipata kazi. Mwalimu Gerson alipohadithiwa alishika kichwa: "Nilikupa kichwa cha neno, nikasahau kukuonya kuhusu mkia. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, Mwalimu? Bila wewe nisingejua hata kuumia."

Jumapili iliyofuata Isabela alitoa sadaka ya shukrani kanisani, jogoo mwekundu. Padri alipomuuliza anamshukuru Mungu kwa ajili gani, alitaja watu wawili: Gerson, aliyekaa benchi la mbele, na Nurdin wa Chilangala, Baba Mohamedi, ambaye saa ile labda alikuwa chini ya mikorosho yake. Kanisa zima likaitikia amina.