Kompyuta Inayosema Mwangaluka

Tangu Dorotea afungue steshenari jirani na ya Minza pale mtaani Igogo, Minza hakuwa na raha. Kompyuta ya Minza ilikuwa mpya, yenye mfumo endeshi wa kununua. Ya Dorotea ilikuwa kuukuu, yenye Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuubadilisha. Na Dorotea aliubadilisha: ukiiwasha inakusalimu “Mwangaluka”, na maneno yote ni ya Kisukuma. Wateja wakahamia kwake.

Siku moja Minza akamkuta mama yake mzazi kule, anaichekea kompyuta.

“Mama, hata wewe?”

“Yako hainijui, mwanangu. Hii imenisalimu.”

Minza akarudi kwake akatafuta Kisukuma kwenye mashine yake. Hakikuwamo, wala hapakuwa na pa kukiongeza. Akajikaza, akaenda kwa Dorotea.

“Shoga, mfumo wako unauzaje?”

“Siuzi. Lete flashi nikuwekee. Ukiona neno nimekosea, rekebisha.”

Minza alitamani angenyimwa, apate sababu ya kumchukia. Akatoa flashi huku roho ikimuuma, tayari anapanga: kompyuta yake haitasalimu tu, itauliza na habari za ng'ombe.