Amri ya Kuvua Viatu

Mume wangu ni mwongo. Nasema wazi, akisikia na asikie. Mimi hajawahi kunidanganya; hata siku alipounguza gauni la mteja wangu kwa pasi alikuja kusema mwenyewe. Lakini mara moja kila mwaka anaingia mbele ya Bodi ya Madaktari wa jeshi na kuwadanganya watu wazima mchana kweupe. Daktari anamuuliza, "Sajenti, hali?" Naye anakakamaa kama mlingoti na kutoa sauti ya gwaride: "Salama, afande!"

Salama gani? Lori lake lilikanyaga bomu la ardhini miaka sita iliyopita. Pingili tatu za uti wa mgongo zimeshikwa kwa skrubu. Mkono wa kushoto ukishika kikombe cha moto haujui. Sikio moja halisikii. Kitandani hageuki mpaka nimgeuze. Lakini hebu muulize mwanajeshi kama anaumwa, uone atakavyokutazama. Kwa miaka kumi na tisa alifundishwa jibu moja tu la kumpa mkubwa, na jibu hilo limemwingia kwenye mifupa kuliko hizo skrubu.

Basi Bodi ikawa inaandika inachokiona: asilimia hamsini, anaweza kazi nyepesi. Kazi nyepesi! Kazi gani hiyo, kuhesabu nzi?

Na mimi nisijitoe. Mimi ni fundi cherehani, na bega lake la kushoto limeshuka vidole viwili. Mwaka wa kwanza aliniomba nimtengenezee koti asionekane amepinda, nikashonea sponji kwa ndani, mabega yakawa sawasawa. Nikamnyoa ndevu, nikampigia viatu rangi, nikamfunga kamba, nikasimama mlangoni namtazama, roho yangu kwatu. Mjinga mwenzake nilikuwa mimi.

Mwaka huu barua ilikuja na maneno mapya. Hii ndiyo tathmini ya mwisho. Akipewa ulemavu kamili wa kudumu, atatibiwa maisha yake yote na haitwi tena kukaguliwa. Akibaki nusu, kliniki ya mgongo inafunga faili lake mwezi ujao. Na daktari wa kliniki alishaniambia tukiwa wawili tu: akiacha matibabu, mwaka hauishi, miguu nayo inapooza. Niliisoma ile barua mara mbili. Nikachukua wembe, nikafumua sponji.

Aligundua asubuhi, wakati wa kuvaa.

"Mama Pacha, koti limefanywa nini?"

"Nimetoa sponji. Bega ni lako, lionekane."

"Rudisha."

"Sirudishi."

"Siendi mbele ya wakubwa nimepinda kama ombaomba!"

"Umepinda, Baba Pacha. Na ulipindia kazini kwao, hukupindia baa. Waione kazi yao."

Akanuna. Alinuna nyumbani, akanuna ndani ya teksi, akanuna kwenye ngazi nilipomshika kiwiko. Sikujali. Mtu niliyezaa pacha kwa uchungu wa siku mbili, kununiwa kutanifanya nini?

Chumba cha Bodi kina meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na feni inayokwaruza. Nyuma ya meza walikaa madaktari watatu, wa katikati kanali mwenye miwani, na pembeni karani, msichana mwenye kompyuta. Mgonjwa amewekewa kiti kimoja, msindikizaji stuli karibu na mlango. Mume wangu hakukikalia. Aliweka mguu sawa mbele yao, bega limelala, kidevu juu.

"Sajenti, hali?" akauliza kanali.

"Salama, afande!"

Nikajisogeza mbele kwenye stuli.

"Unavaa mwenyewe?"

"Ndiyo, afande!"

"Unatembea bila msaada?"

"Ndiyo, afande!"

Karani anachapa tu. Kila jibu analolichapa, naiona kliniki inafungwa.

"Mwongo!" nikasema.

Kanali akageuka. "Mama, msindikizaji haongei mpaka aulizwe."

"Basi niulize."

"Tunamsikiliza yeye. Mgonjwa ndiye anayejua maumivu yake."

"Anayajua, lakini hawezi kuyasema mbele ya nyota zako, afande. Na wewe ni mwanajeshi, unalijua hilo vizuri. Usimuulize. Muamuru. Muamuru avue viatu."

Daktari wa kushoto akakohoa. Mume wangu hakunitazama, lakini niliona taya lake linacheza. Kanali akavua miwani, na alipofungua mdomo sauti ilikuwa ya uwanjani.

"Sajenti! Vua viatu!"

"Ndiyo, afande!"

Akainama. Kabla hajafika magotini, mgongo ukagoma. Akajaribu kwa ubavu. Akashika kiti, akashusha goti moja, polepole, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mkono wa kulia ukaifikia kamba, wa kushoto ukawa unapapasa sakafu. Nilikuwa nimezifunga mimi mwenyewe, mafundo mawili kila kiatu. Hakuna aliyemwambia aache, na yeye si mtu wa kuacha amri njiani. Nikauma kidole. Nilitaka kupiga kelele, basi, nimekosa, mwacheni mume wangu. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Lakini sikunyanyuka, kwa sababu ningenyanyuka ningemsaidia, na kumsaidia kwangu ndiko kulikotufikisha pale.

Karani aliacha kuchapa, akaangalia ukutani.

Mwishowe mume wangu akaiachia ile kamba. Akainua kichwa, goti lingali chini.

"Siwezi, afande!"

Sauti ilikuwa ileile ya gwaride.

"Inatosha, Sajenti," kanali akasema taratibu. "Msaidieni akae."

"Haitoshi!" mume wangu akadakia. "Andikeni kwanza. Siwezi viatu. Siwezi vifungo vya shati. Chooni siendi peke yangu. Kitandani nageuzwa na mke wangu, na yeye hana cheo wala likizo. Andika, binti, mbona umeacha? Miaka yote hii nimewaambia niko salama. Mimi nilidanganya kwa sababu ndivyo mlivyonifundisha. Nyinyi je? Picha za mgongo wangu si hizo hapo mezani? Mlikuwa mnaangalia nini?"

Kanali akaivuta bahasha ya picha za eksirei. Akazitoa, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha moja baada ya nyingine. Alipomaliza akachukua kalamu, akaandika, wenzake wakatia sahihi chini yake.

"Ulemavu kamili, wa kudumu," akamwambia karani. "Asiitwe tena."

Akazunguka meza kuja kumnyanyua. Mume wangu akaukataa mkono wake, akaushika wangu.

Kwenye korido machozi yalinizidi nguvu. "Baba Pacha, nisamehe. Nimekudhalilisha."

"Nitakununia nyumbani, kwa nafasi," akasema. "Sasa hivi nina kazi."

Kwenye benchi walikuwa wamefika wanaume watatu wa kikosi chake cha zamani, nguo zimenyooka, ndevu hakuna, migongo imesimama wima. Wakataka kuinuka walipomwona sajenti. Akawakataza kwa mkono, akaenda kusimama mbele ya yule wa mwisho, ambaye suruali yake ilikunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti.

"Magongo yako yako wapi?"

Yule mtu akatazama pembeni. "Chini ya benchi, Sajenti. Sitaki wayaone."

"Toa," mume wangu akamwambia. "Utaingia nayo. Wakikuuliza unaumwa wapi, waambie pote, kwa sauti, mpaka wasikie wa chumba cha pili. Hiyo ni amri."

Yule mtu akainama, akaanza kuyavuta.