Ndoo ya Kwanza

Walimfungia shangazi mgahawa! Wateja waliumwa matumbo, bwana afya akaja na kufuli, akatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba mama huyu ni mchafu. Shangazi yangu, mchafu? Mwanamke anayefua mpaka kamba ya kuanikia nguo! Nilipandwa na hasira.

Kibaya zaidi, mimi ni mtakwimu wa maabara ya maji, na ripoti yetu ndiyo iliyomkaanga: maji ya mtaa ule ni safi. Basi siku ya mgao wa maji nikaenda kukaa jikoni kwake. Bomba lilipokoroma tu, akatega ndoo, na majirani vilevile. Nani amwage maji wakati mabomba yalikuwa makavu tangu juzi? Hapo nikashtuka. Wapimaji wetu hufundishwa kuacha maji yatiririke kwanza, ndipo wajaze chupa. Ndoo ya kwanza, ile inayoishia kwenye majagi ya mezani, hatujawahi kuipima!

Nikachagua mabomba ishirini kwa kura, nisije nikaambiwa nimeokota mabovu. Kila bomba chupa mbili: ya mwanzo, na ya baada ya kutiririka. Kwenye mabomba kumi na tisa, chupa ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na vijidudu vingi zaidi.

Bosi wetu, tunayemwita Wastani kwa kupenda kujumlisha na kugawanya kila kitu, akabetua mdomo. "Bahati tu hiyo, binti yangu."

"Bahati, mzee? Rusha sarafu mara ishirini. Ikilalia upande uleule mara kumi na tisa, utasema bahati au utaikagua sarafu?"

Akacheka kidogo. Akapiga hesabu mwenyewe, akarudia, kicheko kikakauka. "Hata mara moja katika elfu kumi haifiki," akasema. "Mabomba yanavuja. Maji yakikatika, yanavuta uchafu wa mtaroni." Akasaini palepale barua ya kusahihisha ripoti yetu. Jamani, nilitamani kumbusu!

Kesho yake bwana afya alikuja kimyakimya, akafungua kufuli, akageuka aondoke. Shangazi akamdaka mkono.

"Subiri, baba. Sema kwa sauti."

Bwana afya akageukia mtaa. "Mama huyu ni msafi! Maji ndiyo yaliyokuwa machafu!"

Vigelegele vikalipuka mtaa mzima. Mimi nalia, shangazi analia, lakini mkono hajauachia.

"Kule nyuma hawajasikia," akasema. "Rudia."